Visanduku Kumi

Fomu ya mpangaji ina visanduku kumi,
jina lake lina herufi kumi na mbili:
Mbolihundole. Hiyo "le" ikabaki nje,
pembezoni, kama mgeni asiyeambiwa karibu.

"Kabila?" nikamwuliza, napepeta uwele.
"Zande. Tukiwa wengi, Azande. Lugha, Pazande."
Kwao husema maana yake ni wenye ardhi tele,
ila majirani waliwaita kwa mlio wa kutafuna,
nyam-nyam,
na mlio ukapanda vitabuni
wenyewe hawajaulizwa.

Nikacheka. Kisha nikakoma.
Sisi nasi, wapagazi walipita
wakatukuta tumekalia magogo
(ndivyo tunavyosimuliwa),
wakaenda nalo jina. Hakuna aliyerudi kuuliza.

Usiku umeme ukakatika Ng'hong'hona yote.
Nikamfunza kupataja hapa anapolala:
pumzi kwanza, ipite puani.
Naye akanifunza "gb" ya kwao,
koo na midomo vifunguke pamoja
kama kizibo cha chupa.
Nilikosea mara saba, mate yakanirukia kidevuni.

Asubuhi nikaitoa fomu chini ya godoro,
nikachora kwa kalamu ya risasi
visanduku viwili. Vimekaa upande.