Fyeka

Miaka thelathini na moja neno langu lilikuwa moja:
fyeka.
Alfajiri, umande haujakauka, nawapanga watu mstari,
sare za manjano, vifyekeo begani,
nao wanakwenda wakishusha nyasi
toka ukuta wa gereza hadi barabara ya Hoima.
Pasipo na nyasi hapana pa kujificha.
Ndivyo nilivyofundishwa, nami nikafundisha.

Sasa nimestaafu. Nina kiwanja Kijura, Masindi, mabati ishirini na manne,
na mbele ya dirisha nina nyasi nilizozipanda mwenyewe.

Nilizing'oa kando ya njia ya Karuma,
basi limepasuka gurudumu, abiria wananung'unika,
nami nimechuchumaa mtaroni kama mtu mwenye haja.
Masuke yalikuwa na wekundu wa ufizi wa kichanga;
upepo ukipita yanageuka, yanaonyesha upande wa fedha.
Nikachimba kwa funguo na kidole,
nikazifunga katika leso iliyolowa.
Jina lake? Kila jirani ananipa lake.
Mke wangu Abwoli anaziita "wafungwa wako".

Usizipe mbolea. Hilo nililijua kwa kosa:
ndoo moja ya samadi ya mbuzi, zikanenepa,
zikalala chali kama walevi wa waragi, suke hata moja.
Zipande mwezi wa tatu, mvua ikianza kubisha bati.
Maji wiki mbili, kisha ziache.
Udongo mbaya, jua kali, usizibembeleze:
zinapenda mtu anayezitazama
mikono yake ikiwa nyuma.

Januari, vumbi likifika mpaka ndani ya chai,
masuke yanapauka, yanapeperuka,
chiriku wanakuja kudai yao.
Hapo ndipo unazikata. Shibiri moja toka ardhini,
kwa mundu, si kwa kifyekeo,
ukishika kichaka kama kinyozi anavyoshika kichwa.
Mara ya kwanza mkono wangu ulikataa.
Mkono huu!
Abwoli alicheka mpaka akakaa chini.

Wako wanaonicheka bila kukaa.
Nyakaisiki wa ng'ambo ya njia anauliza nimenunua ng'ombe lini.
Bwana afya alileta karatasi: nyoka, mbu, kichaka, siku saba.
Usinitajie tembo wawili na ugomvi wao;
nyasi nazijua, na aliyeziumiza namjua pia.

Siku ya saba akaja kibarua wa manispaa.
Nilimjua kwa bega kabla ya uso:
Isingoma, miaka minne, kesi ya pikipiki.
Nilimrudisha juani saa saba mchana
kwa sababu aliruka shina moja.
Alisimama. Akazitazama. Saluti hakunipigia.
"Hizi zilikupa nini, afande, hata ukazisamehe?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kazini.
Hakuna lililotoka.

Nikaingia ndani, nikarudi na jembe.
Kichaka cha miaka mitatu hufa katikati,
inabaki pete, uhai wote umehamia pembeni;
sharti ukipasue, uutupe ule moyo mkavu.
Nikapasua. Yeye akaweka kifyekeo chini,
akashika upande wa pili, akavuta.
Tulihema kama wazee wawili, ingawa mzee ni mmoja.
Vipande vitatu, katika mfuko wa sukari,
mizizi ikining'inia na udongo wake.

"Usizitilie mbolea," nikasema.

"Najua," akasema, akifunga mfuko kwa ukambaa.
"Lile shina nililoruka, afande,
ulidhani niliruka kwa nini?"