Fundi Anapima Mvua

Alikuja dukani Narung'ombe mwezi wa tatu,
mama mrefu, kibuyu kwapani,
Kiswahili chake cha Mtwara, cha miaka miwili.
Sketi saba, alisema, marinda tele, lastiki mistari minne.
"Za majani?" nikauliza,
maana niliwahi kuziona kwenye kalenda.
Akacheka mpaka muuza vifungo akageuka.
"Fundi, hiyo kalenda alichapa nani?"

Nimeshona miaka ishirini na mbili.
Nyonga za mji huu nazijua kwa namba:
thelathini na nane, arobaini na sita,
na ile ya Bi Asteria inayobadilika kila Kwaresima.
Kwetu kiuno hakihitaji utangulizi,
ngoma ikilia kinajitambulisha.
Nikadhani hula ni hayo hayo,
ila ya mbali, na maua.

Jumamosi nikapeleka mzigo Upanga, ukumbi wa shule.
Mlango umefungwa.
Nje, wanawake saba pekupeku
wamejipanga mstari, wanaiimbia mbao.
Nikamnong'oneza Sista Ndekirwa wa wodi ya watoto:
"Wamewafungia?"
"Tunabisha hodi."

Hodi!
Mimi yangu huitupa nikiwa nimeshaingia,
mkono mmoja unatafuta kiti.
Hii yao ilipanda, ikataja mlima, ikataja ukungu,
jasho likiwatiririka shingoni,
ikasubiri.
Kimya.
Wakaanza upya.
Mara ya tatu ndipo sauti ya Bi Nohea ikatoka ndani,
ikawakaribisha kwa lugha ambayo maneno yake,
kama yetu, huishia kwa irabu:
hakuna linalokufungia mlango usoni.

Sijui kwa nini nilivua viatu.

"Magoti, fundi. Kunja magoti.
Kiuno kiache,
kitakuja chenyewe, kama mtoto nyuma ya mama sokoni."
Hatua mbili kulia, mbili kushoto.
Mikono yangu ikawa ya mtu anayefukuza nzi kwenye samaki.
Walicheka, na kicheko kilikuwa halali yao.
Kisha kibuyu kikagonga mkeka,
kiganja kikajibu mara mbili ubavuni mwake,
na mguu wangu wa kulia ukashtuka:
huu si mwendo wa pedali?
Kisigino, vidole, kisigino.
Miaka ishirini na mbili nacheza nimekaa,
na hakuna aliyenitunza hata mia.

Jumamosi ya tano akatufundisha mvua.
Vidole vinashuka, vinatetemeka kidogo, basi.
"Hii ni ya bonde moja tu," akasema.
"Ng'ambo ya kilima ina jina lingine, na mkono mwingine.
Zenu zinaitwaje?"
Tukagombania kujibu.
Vuli! Mchoo! Manyunyu! Rasharasha!
Sista akaleta ya kwao Marangu, nimeshaisahau.
"Na masika?"
Wote wakanitazama mimi, mtu wa Jangwani.

Vidole sikuvigusa.
Niliinama, nikalaza viganja usawa wa kifundo cha mguu,
nikavipandisha polepole:
goti,
paja,
nyonga, pale ninapozungusha futi kamba kila siku,
kifua.
Nikajitwika kichwani cherehani isiyoonekana,
magoti yamekunjwa, bila kukumbushwa,
nikavuka: mbili kulia, mbili kushoto,
nikitafuta ardhi kwa vidole
kama usiku ule, mke wangu mbele na tochi,
vitambaa vya watu vikielea kuelekea darajani,
vya harusi, vya sare za shule, vyote.

Kibuyu kilikuwa kimenyamaza.
Feni moja kati ya nne inazunguka.
Sikujua niweke wapi mikono, nikaiacha hapo hapo juu.

"Rudia," akasema Bi Nohea.
"Hatua ile ya mwisho, kabla ya nchi kavu.
Sikuiona vizuri."