Daftari la Stoo, Soroti

Kamati imeniletea karatasi yenye visanduku viwili:
Aongezewe mkataba. Asiongezewe.
Wameniuliza mimi, mtunza stoo,
kwa kuwa katibu amekwenda Mbale kung'oa jino
na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Hesabu mnazo. Mechi kumi na tisa,
tumeshinda nne, sare sita, zilizobaki mnazijua.
Hata ng'ombe wa Opolot wanaolisha nyuma ya goli wanazijua,
maana mashuti yetu mengi huishia kwao.

Naye Kocha Engwau kila akiulizwa, "Tunajenga."
Mwaka wa kwanza, tunajenga.
Mwaka wa pili, Lira wametutandika matano, tunajenga.
Neno hilo nimelisikia kwa makandarasi pia.
Bweni la wasichana linajengwa tangu mwanangu ananyonya;
leo mwanangu ana ndevu, na bweni lina popo.

Lakini nilikuwepo enzi za yule aliyemtangulia,
yule wa miwani ya jua na kombe.
Kombe lipo kwa mkuu wa chuo, limejaa klipu za karatasi.
Wafungaji wake watatu hawakujua darasa liko upande gani.
Walishuka basi Ijumaa, wakapanda basi Jumapili,
mmoja akaondoka na jezi namba tisa
nikakatwa mshahara mimi.
Msimu uliofuata tulipeleka wachezaji wanane Ngora,
dereva akavaa glavu.
Ilikuwa rangi tupu ile, ukuta haukuwepo.

Basi nimefungua daftari langu,
maana mpira siujui, najua vitu.
Alipofika: mipira minne, mmoja una kitambi.
Leo: tisa. Miwili wameishona wenyewe kwa uzi wa magunia,
mishono ya kutisha, lakini upepo hautoki.
Alipofika: jezi zilitupwa mlangoni na matope yake.
Leo zinarudi zimekunjwa.
Si zote. Ya Emuron bado inanuka.

Na ya upande wa pili niyaandike, nisije nikaitwa shabiki.
Anampanga mpwa wake katikati, na mpwa wake hakabi.
Baada ya mechi ya Kumi alilipiga teke kabati langu;
bawaba mpya aliinunua, kweli,
akaifunga kinyume.
Kwa mtu anayejenga, mniwie radhi, hilo nimelipigia mstari.

Halafu kuna Jumatano ile.
Alikwenda Katakwi kumzika baba yake,
hakumwachia mtu agizo.
Saa tisa nikafunga stoo, nikatandika khanga nipumzike.
Saa kumi wakagonga.
Ebiru, yule beki wa kushoto
ambaye zamani alikuja mazoezini kufuata chai na posho,
akasema, "Mama, tupe mipira,"
akavuta daftari, akatia saini. Hajawahi.
Wakapanga makopo ya rangi, wakakimbia, wakagombana
nani alipaswa kumfuata nani kwenye ile kona ya Lira,
wakairudia kona hiyo mara kumi na moja, nilihesabu,
hadi jua likaingia nyuma ya mwamba
na mpira ukabaki sauti tu,
pu, pu, na mtu akisema, "Wangu huyo, wangu."

Jumamosi wakafungwa mbili bila.
La kwanza, kwa kona.

Sasa niambieni, kisanduku gani?
Mgema nisimsifu, najua tembo litakavyokuwa.
Lakini ile kona ya Jumamosi, Ebiru alimfuata mtu wake.
Alizidiwa urefu. Alimfuata.
Kwenye fomu yenu hakuna pa kuandika hilo.

Katibu amerudi, shavu limevimba, anaitaka karatasi.
Nimemwambia asubiri kidogo,
kuna watu wanagonga mlango wa stoo
na leo si siku ya mazoezi.