Saa Nne na Dakika Arobaini

Pasipoti imerudi kwa posta ya Jumanne,
na karatasi moja iliyokunjwa mara tatu:
Bwana Mhina, hatukuridhika
kwamba utaondoka Vienna muda wako ukiisha.

Siku nne! Siku nne za kuzungumzia mkonge,
na mtu amekaa akawaza ningejificha wapi,
na sampuli zangu mfukoni,
kwamba nisingerudi Dundee,
kwenye chumba chenye kuvu niliyoizoea hadi nikaipa jina,
kwenye mita ya umeme inayolia ikikaribia sifuri.
Miaka sita naihakikishia ofisi moja kwamba nitaondoka.
Leo nimeshindwa kuihakikishia nyingine
kwamba nitarudi.

Profesa ameandika: pole sana,
slaidi zako nitazisoma mimi.
Atazisoma vizuri. Atatamka "Korogwe"
kama mtu anayekohoa kwa adabu.
Sikumjibu. Nilitoa shati kwenye begi,
lilikwisha pigwa pasi,
nikalipiga tena.

Likizo nilikwisha pewa, sikuirudisha.
Ijumaa, saa nne na dakika arobaini,
ndiyo nafasi yangu kwenye ratiba
(saa yao; hapa ilikuwa bado saa tatu),
nikasimama jikoni na shati langu, miguu mitupu,
nikasema: Mabibi na mabwana.
Birika likajizima.

Mara hodi. Bi Ishbel wa chini,
kaja kuuliza kama na kwangu maji ya moto yamekatika.
Akaona fungu la singa juu ya meza.
Hakuuliza ni nini. Alilishika,
akavuta uzi mmoja
kati ya kidole gumba na cha shahada,
polepole, kama anayesoma.
Akasema mama yake alikuwa kiwandani, kwenye juti,
mtaa wa pili tu, palipo na maghorofa sasa,
mpaka mashine zikamla masikio;
nyumbani wakawa wanaongea kwa midomo isiyo na sauti.
"Huu mgumu kuliko wetu," akasema.
"Nani anaukata?"

Nikamwambia.
Sikuanza na jedwali, wala na grafu ya tatu
iliyonikosesha usingizi mwezi mzima.
Nilianza na shangazi Nambua
na mwiba wa mkonge ulioingia jicho la kushoto
siku ya malipo, mvua ikinyesha.
Hilo halimo kwenye slaidi hata moja.

Bi Ishbel hakupiga makofi.
Alivuta kiti, akanywa chai yangu,
akauliza swali moja:
jicho lile, walimlipa nini?

Sijui. Miaka sita ya utafiti,
nguvu ya uzi naijua hadi desimali ya nne,
na hilo silijui.

Nimeliandika nyuma ya barua yao,
upande walioacha mweupe.
Usiku nitampigia shangazi.
Nasikia kule Vienna kiti changu
walikiwekea makoti.