Mgongo wa Mshamu

Wengine wanamjua kwa sura.
Mimi namjua kwa mgongo:
namba nne iliyobanduka ncha,
jasho likichora ramani ya nchi isiyo na jina
kuanzia mabegani hadi kiunoni.
Miaka mitatu nilisimama nyuma yake
katika kiwanja cha chuo, Chang'ombe,
ambacho langoni hakikuwa na nyasi, ila vumbi
na shimo nililolichimba kwa visigino vya hofu.

"Toka!" namwambia, anatoka.
"Muda!" anatulia, anaushusha mpira kifuani
kama anayepokea mtoto aliyelala.
Hakuwahi kugeuka kuuliza kama nina hakika.
Kuaminiwa na mtu asiyekutazama,
sijui kama mmewahi.

Mwaka wa pili bumu lilichelewa wiki saba.
Tulikula mihogo ya Mama Siwatu kwa daftari,
yeye kaandikwa "beki", mimi "kipa",
maana majina aliyasahau, deni hakulisahau.
Usiku Mshamu alisoma Takwimu kwa mwanga wa simu,
kifundo kilichovimba kimezama kwenye ndoo
ya barafu ya mia tano, ya muuza juisi.
Barafu ikiisha kuyeyuka, anafunga kitabu.
Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake.
Alisapu masomo mawili. Hakudisko.

Halafu ndondo za Jumapili, Tandika, Yombo, Mbagala,
ambako humkabi mshambuliaji peke yake,
unawakaba na shangazi zake
waliosimama juu ya mstari na miavuli.
Huko alijifunza kukaba bila kugusa:
kumwonyesha mtu njia ya pembeni
mpaka agundue mwenyewe
kuwa pembeni ni ukuta.

Kwenye majaribio tulikwenda wawili.
Nyasi bandia, saa sita mchana,
zile punje nyeusi zimetujaa viatuni kama mchele ulioungua.
Mwenye filimbi alituita kwa namba.
Nilidaka tisa. Wa kumi ulipita katikati ya mikono yangu,
nikausikia wavuni kabla sijauona.
Mshamu hakugeuka.
Alipeleka kiganja nyuma ya mgongo,
akakishusha taratibu:
tulia.

Karatasi ikabandikwa ukutani. Namba yake ilikuwepo.
Yangu niliitafuta juu kwenda chini,
kisha chini kwenda juu,
kama anayetafuta funguo kwenye mfuko uleule.

Daraja la kwanza: benchi, msimu mzima.
Mshahara wa Machi ukaingia Juni.
Ndugu wakauliza, digrii yote hiyo, ya kukimbiza mpira?
Baba yake, fundi wa mafriji Temeke, hakusema neno,
alimletea njumu zilizozidi namba moja.
Akavaa soksi mbili, akacheza.

Dirisha dogo likafunguka.
Akanipigia usiku, sauti imekauka:
"Nimesaini. Wananiuliza nataka namba gani."
Nilikuwa dukani kwa mjomba nahesabu misumari.
Nikamwambia, hiyohiyo, mjinga wewe,
nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Jumamosi, kibanda umiza cha Keko, mia tano mlangoni.
Kamera ilimshika kwa mbele.
Kumbe huuma mdomo kabla ya kona!
Kumbe ana kovu kwenye nyusi, na hofu, hofu kabisa,
ambayo miaka mitatu aliificha upande nisiokaa.

Dakika za majeruhi, moja bila, kona yao.
Kipa wake mpya anarukaruka, anapiga kelele, hajui asimame wapi.
Picha ikahamia nyuma ya goli.
Namba nne, safi, haijabanduka hata ncha.
Na kiganja kile, nyuma ya mgongo,
kikashuka taratibu.

Sikumbuki nani aliuondoa mpira.
Nakumbuka nilirudi hatua moja, kwenye mstari wangu,
nikamkanyaga muuza kahawa.