Muhoko

Nyuma ya choo cha shule, kwenye ukingo wa mto Kawa,
kuna kichaka ambacho hakuna aliyekipanda.
Kinaparamia ua wa mabati kama mwizi asiye na haraka,
kinaning'iniza vichala vyake vya kijani
juu ya chupa za plastiki na kiatu kimoja cha mtoto.
Watoto wa Kadutu wanakipita. Mbuzi naye anakipita,
na mbuzi, mnamjua, hapiti kitu bure.

Sisi tunakiita muhoko.
Bibi yangu, M'Cibalonza, alikiita sabuni ya kabla ya pesa.

Alifua kanzu za mapadri kwa mche uliohesabiwa,
mmoja kwa juma, ukikatwa kwa uzi mbele ya macho yake.
Kanzu zilipata sabuni. Kitenge chake kilipata muhoko:
vitunda vilivyochumwa kabla havijaiva,
vikaanikwa juu ya ungo, vikapondwa,
vikatiwa kwenye maji baridi ya mto,
na povu likainuka, jeupe,
bila kumwomba mtu ruhusa.
"Kanzu yao na kitenge changu," alisema,
"vilikauka kwenye kamba moja,
na jua halikuuliza kipi kimefuliwa na nini."

Lakini hakuwa mtu wa kusifu nusunusu.
Nilikuwa na miaka tisa aliponishika mkono
akanionyesha chini ya jiwe la kufulia:
konokono wamelegea ndani ya nyumba zao,
visamaki vimegeuza matumbo juu.
"Kinachotoa uchafu hakijui pa kukomea."
Kisha akataja jina. Nsimire, binti wa jirani,
aliyekunywa mizizi yake usiku ili asizae,
asubuhi wakawakuta wamelala wawili.
Hakulia alipolitaja jina hilo.
Alikamua shati,
akalikamua tena,
hata lilipokuwa halina tone.

Mwaka ule barabara zilipofungwa
na kipande cha sabuni kikapita bei ya sukari,
wanawake waliokuwa wakicheka mambo ya kijijini
walishuka hapa na ndoo alfajiri,
kimya, kama watu wanaolipa deni la zamani.
Mama alikuwemo. Mimi nilikuwemo.
Tulifua shuka tatu na nepi za mdogo wangu,
na mikono yetu ikawasha hadi Jumapili.
Barabara zikafunguliwa. Ikaja sabuni ya unga kwenye vifuko,
ina harufu ya maua nisiyoyajua,
na kichaka tukakikata kuni.
Hazikuwaka vizuri. Moshi wake ulituliza wote,
wakubwa kwa watoto.

Kikachipua.

Jana walikuja vijana wawili wa maabara,
wana daftari, wana glavu zimechungulia mifukoni.
Wanatafuta dawa ya konokono wa kichocho.
Wakaniuliza jina la mti, nikawaambia,
wakaliandika na herufi moja imekosewa,
nikaichukua kalamu nikairekebisha.
Mmoja akachuma kichala, akakinusa, akacheka.
"Mama, mlikitumia kwa nini?"
"Kufulia."
"Na kingine?"

Mto ulikuwa unapita na mapovu yake ya leo,
ya buluu kidogo, ya viwandani.
Nikautazama mpaka kijana akafikiri sikusikia.

"Vaeni hizo glavu," nikasema.