Mimi Nani

Ukibisha hodi kwetu, wakauliza nani,
nawe ukajibu "mimi",
mama alikuwa hafungui.
"Mimi ni jina la kila mtu," alisema, komeo mkononi.
"Jitaje, au ulale nje na mbwa wa Mogaka."

Saa nane za usiku, Eneo la Viwanda,
ghorofa ya tatu juu ya kiwanda cha biskuti,
mimi ndiye niliye ndani, na mimi ndiye ninayeuliza.
Langoni bawabu ameshaniandika:
jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia.
Ameandika Karubu. Sikumsahihisha,
mvua ilikuwa inanyesha kitabuni.

Kishale kinanikonyeza.
Naandika amri ile, herufi saba bila nafasi,
swali lisilo hata alama ya kuuliza.
Napiga Enta.

wasike

Wasike aliyestaafu Machi,
akaacha kwenye droo miwani ya mkono mmoja
na risiti ya viatu vya mjukuu.
Fomu ya kunifungulia jina langu ilikwama Upper Hill,
ikingoja sahihi ya mtu aliye likizoni.
Miezi mitano, basi, makosa yangu ni ya Wasike;
seva ikifufuka alfajiri, ahsante ni zake.
Naye yuko Kimilili, anapalilia mahindi,
hajui kwamba jana usiku alikuwa Nairobi
akizima king'ora.

Leo fomu imerudi, ina doa la chai.
Najiumba: amri moja, nenosiri mara mbili.
Natoka. Naingia. Nauliza.

kerubo

Herufi ndogo zote, hata ile K
niliyopigiwa viboko darasa la pili ili niijue.
Najaribu kuihadaa: navaa jina la mkuu,
lile la mzizi, liwezalo kufuta kila kitu.
Nauliza tena. Haijali nimevaa nini,
inamkumbuka aliyepita mlangoni:

kerubo

Imebaki amri ya kumwondoa Wasike.
Naiandika yote, mpaka neno la mwisho.
Stima inapotea, jenereta inakohoa chini,
harufu ya biskuti inapanda ngazi.
Naifuta amri, herufi kwa herufi.
Kesho, labda.

Saa kumi na mbili bawabu ananigeuzia kitabu.
Navuta kalamu yake mpaka uzi ukaze,
nageuza a kuwa e,
na u ya mwisho, ambayo wino umeivimbisha,
naizungusha iwe o.